Amsterdam hadi London: dakika nyingine zinakwenda wapi?

Ndege ilikuwa imeondoka getini zamani, lakini bado tulikuwa chini. Tunakwenda kwa matairi, tunakata kona, tunanyooka tena, kisha tukapita juu ya daraja ambalo chini yake ni barabara kuu ya magari. Lori likapita huko chini kwa kasi kutuzidi sisi. Shangazi, aliyekuwa dirishani, alilifuata kwa macho mpaka likapotea, akanigeukia.

"Mwanangu, hivi tunaruka, au tunakwenda kwa matairi mpaka London?"

"Tunaruka, Shangazi. Njia ya kurukia iko mbali kidogo."

"Mbali kuliko hiyo London?"

Alikuwa ametoka Tanga, akalala Dar, kisha akaruka usiku kucha hadi Schiphol, kiwanja cha ndege cha Amsterdam. Mimi naishi huku Uholanzi. Yeye viza ya Uingereza alikuwa nayo, ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Uholanzi ikiwemo, hakuwa nayo, kwa hiyo asingeweza kutoka nje hata kunywa chai kwangu. Nikakata tiketi yangu ya London, nikapita ukaguzi wa pasi, nikamkuta ndani ameketi, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Nikamtuliza: safari kubwa imekwisha, kilichobaki ni kilomita 370 tu, kama Tanga na Dar.

Akatazama bodingi pasi yake. Kuondoka saa 3:00 asubuhi, kufika saa 3:20.

"Dakika ishirini?"

Ikabidi nimweleze kwamba London iko nyuma ya Amsterdam kwa saa moja, kiangazi na kipupwe, kwa hiyo safari yenyewe ni saa moja na dakika ishirini. Hapo hakucheka. Alinyamaza kidogo, akapiga hesabu yake, akasema: "Kwa Tanga na Dar? Kwa ndege?"

Sikuwa na jibu. Wiki kadhaa baadaye bado swali lilikuwa linanikereketa.

Hesabu ya shule ya msingi

Ndege ya abiria ikishatulia juu huenda kama kilomita 800 kwa saa. Gawanya 370 kwa 800, unapata dakika 28 hivi. Ratiba inasema dakika 80.

Dakika 52 zimeingia wapi?

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba kila ndege hupoteza muda kupaa na kutua. Sawa. Lakini chukua Nairobi na Mombasa. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 420, mbali zaidi ya Amsterdam na London, na ratiba ya pale ni karibu saa moja tu. JKIA, kiwanja cha Nairobi, yenyewe ina njia moja ya kurukia. Schiphol wana sita! Iweje wenye njia sita wachukue muda mrefu zaidi kwa umbali mfupi zaidi?

Hapo ndipo nilipoacha kuridhika na jibu la kwanza.

Mstari ambao hakuna ndege inayoupita

Nilianza na ile 370, kwa sababu ndiyo namba inayotajwa kila mahali kana kwamba mtu aliipima kwa futi kamba. Ni umbali wa mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, kutoka nukta moja iliyochaguliwa ndani ya kiwanja cha Schiphol hadi nukta nyingine ndani ya Heathrow, kiwanja cha London. Kwa marubani ni karibu maili 200 za baharini. Mstari huo hauna kona, hauna upepo, haujui njia ya kurukia imeelekea wapi. Kwa safari ndefu una maana kubwa, ndiyo maana ndege ya kutoka Amsterdam kwenda Los Angeles hupita juu ya Greenland na abiria wanashangaa kuona barafu. Kwa kilomita 370 mviringo wa dunia haubadilishi chochote cha kutaja.

Kinachobadilisha ni kwamba London iko magharibi, na sisi tuliruka kuelekea kaskazini.

Njia tuliyorukia siku ile inaitwa Polderbaan. Ilifunguliwa mwaka 2003, ina urefu wa mita 3,800, na iko pembeni kabisa mwa kiwanja, ng'ambo ya ile barabara kuu yenye malori. Iliwekwa huko makusudi ili kelele zipungue kwa watu wa vijiji na miji ya jirani. Kwa sababu hiyo hiyo, ndege zinazoitumia huruka kuelekea kaskazini tu, na zinazotua pale huingia zikitokea kaskazini tu. Uwanja wote umekaa kwenye lililokuwa ziwa, Haarlemmermeer, lililokaushwa mwaka 1852, na hadi leo uko zaidi ya mita 3 chini ya usawa wa bahari. Ardhi ni tambarare, na bado ina wenyewe kila upande, wanaotaka kulala.

Basi robo saa inaliwa kwa matairi kabla hujaacha ardhi. Ukishaiacha, unaelekea kusiko na London, ndipo unakata kushoto.

Na ile kilomita 800 kwa saa niliyoigawia? Chini ya futi 10,000 kasi kwa kawaida haizidishwi noti 250, yaani kama kilomita 460 kwa saa. Katika safari fupi hivi, ndege inapanda, inatulia kidogo, inaanza kushuka. Wahudumu waligawa mikate na maji mbio mbio, na kabla Shangazi hajamaliza kufungua karatasi ya mkate wake, rubani akatangaza kwamba tunaanza kuteremka. Ile kasi kubwa tuliishika kwa dakika chache tu.

Kuna na upepo. Sehemu hii ya Ulaya upepo mkuu hutoka magharibi, kwa hiyo anayekwenda London anakwenda bisho, anayerudi Amsterdam anasukumwa. Nahodha yeyote wa Tanga angelijua hilo bila kuambiwa.

"Ni lile lile, au ni jingine?"

Tulipoingia juu ya Uingereza mawingu yalikuwa yamepasuka. Shangazi akaona bwawa kubwa, refu, limenyooka pembeni kama limechorwa kwa rula. Baada ya dakika nne hivi akaona bwawa.

"Hili ni la pili, au ni lile lile?"

"Ni lile lile, Shangazi."

"Kwa hiyo amepotea?"

Hakupotea. Tulikuwa foleni. Heathrow ina sehemu nne za kusubiria angani, na kila moja ina jina lake: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Anayetoka upande wa Uholanzi kwa kawaida hupelekwa Lambourne, kaskazini mashariki mwa London. Pale ndege zinazunguka moja juu ya nyingine, zimeachana futi 1,000. Ya chini kabisa ikiitwa kwenda kutua, zote zilizo juu yake zinashuka daraja moja. Mzunguko mmoja ni kama dakika nne. Mizunguko mitatu, robo saa karibu imekwenda.

Heathrow ina njia mbili tu. Kwa siku nyingi moja ni ya kutua na nyingine ni ya kuruka, na saa 9 alasiri zinabadilishana kazi ili watu wanaoishi chini ya njia za ndege nao wapate nusu siku ya utulivu. Idadi ya ndege imewekewa kikomo, 480,000 kwa mwaka, kuruka na kutua pamoja, na kiwanja kimekuwa kikiendeshwa karibu kabisa na kikomo hicho. Kiwanja kikijaa hivyo, ukungu wa asubuhi moja au upepo mkali kidogo unatosha kuchelewesha watu mpaka jioni.

Nilipokuwa nasoma habari za foleni hii nilidhani ni uzembe. Kadiri nilivyoendelea, nikaanza kushuku fikra zangu mwenyewe. Foleni ndogo angani inawekwa makusudi, kwa sababu njia ya kutua ikikaa tupu hata kwa dakika mbili, dakika hizo hazirudi. Lazima kuwe na ndege ya kuchomoa. Kisha wakagundua kwamba kuzunguka ni kuchoma mafuta bure, kwa hiyo tangu mwaka 2014 waongozaji wa ndege wa Uingereza wanawaomba wenzao wa nchi za jirani, Uholanzi ikiwemo, kuipunguzia ndege kasi ikiwa bado mbali. Unasubiri bila kujua kwamba unasubiri.

Juu ya hayo wako Eurocontrol kule Brussels. Wao huangalia anga ya Ulaya nzima, na wakiona London imejaa wanaizuia ndege isiruke kabisa. Inapewa muda wa kuruka wenye dirisha la dakika 15: tano kabla, kumi baada. Ukilikosa, unarudi kuomba upya. Ndiyo maana wakati mwingine milango imefungwa, mikanda imefungwa, hali ya hewa ni nzuri, na ndege imekaa tu. Kusubiri chini ni rahisi kuliko kusubiri juu.

Kwa hiyo dakika zangu 52 nilikuwa nimezipata karibu zote. Robo saa ya matairi, kupaa na kushuka kwa kasi ndogo, kona ya kaskazini, upepo wa mbele, duara za Lambourne, na safari nyingine ya matairi hadi geti la Heathrow.

Hesabu ilikaa. Mimi sikukaa.

Rubani aliyejisifu

Kuna jambo nililipita haraka. Tulipotua, baada ya matairi yote yale na mizunguko yote ile, rubani alitangaza kwa sauti ya kuridhika kwamba tumefika dakika chache kabla ya muda wa ratiba.

Kabla ya muda!

Siku ile nilifurahi kama abiria wengine. Wiki mbili baadaye, nikiwa naosha vyombo, tangazo lile likanirudia na nikasimama na sahani mkononi. Kama tumezunguka na bado tumewahi, basi ule mzunguko ulikuwa umeshahesabiwa. Zile dakika hazikupotea popote. Nilikuwa nimeuziwa pamoja na tiketi.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondolewa vizuizi vya magurudumu getini, na huisha inapowekewa vizuizi hivyo kwenye geti la kule. Kampuni zinaangalia safari hiyo ilichukua muda gani huko nyuma, siku nzuri na siku mbaya, kisha zinaandika muda utakaotosha kwa siku nyingi. Na katika takwimu za usafiri wa anga, ndege iliyofika ndani ya dakika 15 baada ya muda wake huhesabiwa kuwa imewahi. Jumlisha hayo mawili: ndege inaweza kuondoka imechelewa nusu saa, ikaruka kawaida, na kwenye vitabu ikaandikwa kuwa imewahi.

Kwanza nilikasirika. Nikasema huu ni ujanja wa mwenye duka anayepandisha bei ili apunguze.

Lakini nikamfikiria Shangazi, na mwingine kama yeye ambaye London si mwisho wake, anayeunganisha kwenda Toronto au Houston kwa wanawe. Ratiba ikimwambia dakika 55, naye akapanga ndege yake ya mbele kwa hizo 55, siku Lambourne ikijaa ataachwa. Ratiba iliyopunjwa ingemuumiza yeye kabla ya kumuumiza mtu mwingine yeyote. Muda wa ziada ni wake pia.

Na bado unailinda kampuni. Mambo yote mawili ni kweli, na sijaona kwa nini nichague moja. Ninachotaka ni kidogo: waandike pia muda wa kawaida wa angani, kando, kwa herufi ndogo hata kama ni ndogo sana. Mtu aone kwamba ananunua dakika 50 za kuruka na dakika 30 za kiwanja.

Mlango ukifunguliwa

Ningeishia hapo, ila kuna mahali ambapo namba hizi mbili, umbali na muda, zinageuka fedha. Na wengi wetu hatudai.

Kanuni namba 261 ya Ulaya, ya mwaka 2004, inapanga fidia ya abiria aliyefutiwa safari kwa umbali. Safari ya kilomita 1,500 au chini ya hapo ni euro 250. Safari kati ya Ulaya na Afrika Mashariki, inayozidi kilomita 3,500, hufika euro 600. Umbali unapimwa kwa ule ule mstari ambao hakuna ndege inayoupita, kanuni yenyewe imesema hivyo. Kuhusu kuchelewa, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2009 kwamba ukifika saa tatu au zaidi baada ya muda wako, unastahili fidia sawa na aliyefutiwa safari, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa kampuni, kwa mfano hali mbaya ya hewa. Uingereza ilipojitoa ikabaki na sheria inayofanana na hiyo, kwa paundi: 220 kwa safari fupi.

Sasa sikiliza kesi mbili.

Ya kwanza iliamuliwa mwaka 2014. Ndege ilitoka Salzburg kwenda Köln/Bonn, ikagusa ardhi imechelewa saa 2 na dakika 58. Ikafika maegesho yake imechelewa saa 3 na dakika 3. Milango ikafunguliwa punde baadaye. Kampuni ikasema tumefika magurudumu yalipogusa ardhi, hatudaiwi. Abiria akasema mimi nilikuwa bado nimefungiwa ndani. Mahakama ikamkubalia abiria: kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na watu wakaweza kushuka. Mpaka hapo uko mahali ulipofungwa, huwezi kushughulikia mambo yako wala kuwaona watu wako.

Nilifurahia hukumu ile kuliko nilivyotarajia. Majaji wamekaa na kusema kwamba muda wa safari unapimwa kwa uhuru wa msafiri, wala si kwa matairi.

Ya pili, ya mwaka 2017, ilinirudisha chini. Abiria walitoka Roma kwenda Hamburg kwa kupitia Brussels, wakachelewa zaidi ya saa tatu. Roma na Hamburg moja kwa moja ni kilomita 1,326. Kwa njia waliyopita, kupitia Brussels, ni 1,656. Ikihesabiwa ya pili wanavuka 1,500 na fidia inapanda hadi euro 400. Mahakama ikasema hapana, utahesabiwa mstari ulionyooka kutoka ulikoanzia hadi ulikoishia, hata kama hukuupita. Wakapata 250.

Yaani muda umepimwa kwa yaliyompata mtu, umbali umepimwa kwa yale ambayo hayakumpata. Nimejaribu kuona ubaya wa hukumu hiyo ya pili na sijaweza sana. Usumbufu wa kuchelewa Hamburg ni ule ule, upitie Brussels au usipitie. Lakini upande wetu inasaidia: kwa tiketi moja ya Dar hadi London kupitia Amsterdam, ukicheleweshwa kwenye kile kipande kifupi cha mwisho ukafika London umechelewa vya kutosha, umbali wako ni wa Dar na London, si zile kilomita 370. Angalia tu kampuni iliyokutoa Dar. Kama ni ya Umoja wa Ulaya au ya Uingereza, ile sheria ya Uingereza ya paundi inakufuata tangu Dar; kanuni ya Ulaya yenyewe haikushiki, kwa sababu Dar na London zote ziko nje ya Umoja wa Ulaya. Kama si ya huko, kwa safari ya kuja sheria hiyo inakuacha, na itakushika wakati wa kurudi, ukiondokea London.

Mawaziri wa nchi za Umoja wa Ulaya walikubaliana mwaka 2025 kutaka zile saa tatu ziongezwe ziwe nne kwa safari fupi na sita kwa ndefu. Wabunge wa Ulaya wakapinga. Kwa hiyo kabla ya kudai, hakikisha kanuni inasemaje siku hiyo.

Treni, kwa mwenye viza

Rafiki yangu wa Dar anakuja London mwezi ujao, naye alitaka ushauri: aruke hadi Amsterdam, kisha apande treni? Alikuwa amesikia kwamba treni inakufikisha katikati ya mji.

Ni kweli. Treni za moja kwa moja kutoka London zilianza mwaka 2018, na kutoka Amsterdam mwaka 2020, kwa njia ya chini ya bahari, saa nne hivi hadi St Pancras. Unafika stesheni saa moja na zaidi kabla, kwa sababu maofisa wa Uingereza wanakagua pasi pale pale Amsterdam kabla hujapanda. Ukijumlisha ni saa tano. Ndege ya saa moja na dakika ishirini nayo, ukiweka saa mbili za kuwahi kiwanjani, foleni ya pasi ya Heathrow, begi, na usafiri wa kuingia mjini, inafika hapo hapo saa tano. Kwa anayeanzia Amsterdam mjini, mimi nitamwambia apande treni bila kusita.

Lakini yeye ana pasi ya Tanzania na viza moja tu, ya Uingereza. Stesheni iko upande wa pili wa ukaguzi wa pasi za Schengen. Kwake hiyo treni ingeanza na safari ya ubalozini, ada, picha, taarifa za benki na wiki za kusubiri.

Amekata tiketi moja ya ndege, Dar hadi London. Tovuti ilimpendekezea dakika 55 za kuunganisha Schiphol. Nimemwambia achukue ile ya saa mbili na nusu.